Kamyo Yenye Kusimama ku Daraja

Élisabethville, mutaa ya Kenya, 6 février 1955

Ku Julienne, bibi yangu mudogo, mwalimu ya batoto banamuke ku Pweto,

Jambo. Jambo tena. Uko namna gani? Sisi huku tuko bazima. Paka magoti yangu tu njo inaniuma, lakini magoti ya muntu ya myaka makumi sita haifae kuandikiwa barua. Nkambo yako Ngosa, bibi yangu mukubwa, iko muzima sana, anagombana na mi asubui, anagombana na mi mangaribi, njo namna ninajua iko muzima. Mama yako Edith na baba yako balipita hapa ku Noeli toka Jadotville, balikula kuku yetu tatu, balirudia. Kama kuko kijana anakuangalia-angalia pale ku mission, umuambie bwana yako ya kwanza njo mi, Mwape, baba ya mama yako, na mi siko na wivu kidogo. Niko na wivu mingi.

Sasa habari yenyewe. Kampuni ilinifungua mu mwezi ya décembre. Myaka makumi tatu na tano ku moto ya mukuba, kwenye banayeyusha shaba, kisha siku moja banakupa mukono, banakupa médaille, banakupa feza yote mara moja, banasema bon, kwenda. Benzangu banafanya mambo ya akili. Rigobert alifungua nyumba ya pombe. Ingine alinunua masini ya kushona. Mi nilinunua kamyo.

Usiniulize kama ninajua kuendesha. Ngosa alisha kuuliza, mupe wa kanisa alisha kuuliza, ata mbwa ya jirani iliniangalia sawa vile inauliza. Sijue. Lakini ku moto ya mukuba vilevile sikujua, na balinipa pelle ya kupakia makaa siku ile ile.

Muzungu moja ya mutaa ya Bel-Air njo aliniuzia, anarudia kwabo Ulaya. Muntu muzuri. Alifungua kichwa ya kamyo, alinifundisha saa nzima mu Kifaransa, anagusa hapa, anagusa pale. Mi najibu: oui, monsieur, oui, monsieur. Nilisikia neno tatu: de l'eau, toujours, attention; mayi, siku zote, angalia. Nikaona zinatosha. Ku mwisho aligusa kitu moja yenye kuzunguka pale mbele, akanyanyua vidole mbili. Na mi nikanyanyua vidole mbili, kwa heshima. Tuliachana muzuri.

Nitapandisha chumvi na bitambaa, nitashuka na samaki ya Pweto. Uniandikie nani iko na samaki ya kukausha muzuri.

Neno moja tena, dogo. Ule muntu, unajua ule ninasema, mama ya Ngosa, jina yake siwezi kuitaja juu ya buko, ata ku karatasi. Mukwe hataje jina ya mama-mukwe, haangalie uso yake, hakutane naye mu njia. Ule muntu angali mu ile nyumba ya pembeni ya ziwa? Ninauliza paka kuuliza. Juu kamyo inafanya makelele.

Mi, Mwape, patron ya kamyo


Pweto, 9 Machi 1955

Mpendwa Nkambo Mwape,

Nakusalimu sana, na Nkambo Ngosa nampa mkono. Barua yako ilikaa njiani mwezi mzima. Ilifika na alama ya kikombe cha chai juu yake, sijui ni chai ya nani. Huku hatujambo. Mvua bado inanyesha. Nina wasichana thelathini na mmoja darasani, na Sista Constance ananitazama kama mimi ndimi wa thelathini na mbili. Kijana wa kuniangalia hayupo, kwa hiyo weka wivu wako kwenye kamyo.

Umeuliza juu ya samaki. Samaki bora wa kukausha katika Pweto hii yote ni wa Nkambo Chanda, mama mkwe wako. Wavuvi wanamletea yeye kwanza. Anawalaza juu ya ngazi ya mti aliyoitandika juu ya moto, anawageuza mmoja mmoja, hauzi mpaka wakauke hasa. Wanawake wengine wote hukusanya mizigo yao mbele ya nyumba yake, ndipo wachuuzi hupakia. Hakuna mahali pengine. Ukitaka samaki wa Pweto, kamyo yako itasimama mbele ya mlango wake.

Nilimwambia kwamba unakuja. Aliuliza kama umezeeka. Nikasema ndiyo. Akasema, vema.

Yeye ni mzima. Juzi alimkemea mbuzi kwa jina langu, tukacheka sote.

Nkambo, naomba jambo moja: usitoke nyumbani kabla ya kupata permis ya kuendesha.

Mjukuu wako, Julienne


Élisabethville, 2 mai 1955

Ku Julienne, bibi yangu mwenye kuogopa masista,

Jambo mingi. Barua yangu inachelewa sababu mi sasa ni muntu ya kazi. Ngosa iko muzima, amenunua kuku ingine na hataki kuniambia zinalala wapi, asema mi ninatajia Edith. Baridi inaanza.

Permis niko nayo! Antoine, shofele ya brasserie, kwenye banapika pombe, njo alinifundisha, kila dimanche kisha misa. Siku ya kwanza niliingia mu kibambazi, ukuta ya nyumba ya pombe ya Rigobert, bantu balikuwa mu kunywa, balinyanyua glasi zabo juu ili zisimwangike, moja hakukata ata mazungumzo. Siku ya pili nilifanya vizuri paka tu kurudia nyuma. Examen nilianguka mara mbili. Mara ya tatu muzungu ya permis alichoka kuniona, akasaini.

Voyage ya kwanza nilifanya. Nilikamata Anaclet, mwenzangu ya ku moto ya mukuba, naye iko pensionné, hana kitu ya kufanya. Chumvi nilipakia mingi, sawa vile muntu anapakia mu ndoto. Ku mulima ya kwanza kamyo ilipanda, ikafikiri, ikaanza kurudia nyuma polepole. Anaclet aliruka na gogo mu mukono, anakimbilia pine, ile gurudumu ya nyuma, kusudi aweke gogo nyuma yake. Muzee wa myaka makumi sita na moja, mama! Ku kila mulima vile vile. Tulifika siku ya ine, Anaclet asema kutoka Élisabethville alikuya na miguu.

Kurudia, nilifunga bâche, ile turubai, nguvu-nguvu kusudi vumbi isiingie. Sikujua samaki inaomba hewa. Ku soko banamuke balifungua kifurushi moja, balinusa, balinifungia tena kwa heshima, balienda. Bon. Sasa najua.

Ile daraja ya miti, kilometa kumi mbele ya kufika Pweto, iko mubaya. Kamyo yangu inaiogopa. Nilisimama pale, Anaclet alienda na miguu kuita bantu ya makinga, benye kupiga pedali, njo balileta samaki kifurushi kifurushi. Na mi siku ile nilikuwa na malaria, njo sababu sikuingia kukuamkia. Ilikuwa malaria mukali. Ilipona vile tuliacha Lukonzolwa, mu njia ya kurudia.

Mwape, shofele


Pweto, 28 Mei 1955

Mpendwa Nkambo Mwape,

Salamu kwako na kwa Nkambo Ngosa. Mvua imekwisha, ziwa limetulia, samaki ni wengi. Msichana wangu mmoja, Mukuka, ameolewa katikati ya somo la kuhesabu. Mjomba wake alikuja mlangoni akamwita, basi.

Sikukuona. Nilikuwa nimevaa nguo safi tangu asubuhi.

Nkambo, daraja halina kosa. Kamyo ya mission inapita pale kila juma na saruji. Tangu barua yako umekuja mara nyingine, na mara hiyo pia ulisimama palepale. Lucien wa baiskeli anawachekesha watu: yuko mzee wa Élisabethville anayepakia kamyo porini kama aliyeiiba. Na faida yako yote inabaki kwa Lucien. Ndiyo biashara uliyoitolea miaka thelathini na mitano?

Nilimwuliza Nkambo Chanda. Aliendelea kugeuza samaki. Akasema, “Mwulize habari za paa langu.”

Nikamshika mpaka akanieleza. Kwamba ulikuja kufanya kazi ya ukwe, kama kila mwanaume anayeoa hapa: shamba ulilima, nyumba ya mkwe ulisimamisha, likabaki paa. Upande wa ziwa uliezeka vizuri. Kisha akapita mtu wa kampuni anayeandika vijana kwa kazi ya shaba. Kesho yake watu waliona ngazi imesimama ukutani, na wewe haupo. Nkambo Ngosa alikufuata baadaye na mtoto mgongoni. Na chakula cha kumwingiza mkwe, kile ambacho mama mkwe hupika kazi ikiisha, ili buko liishe na waweze kuonana na kusema, hakikupikwa. Hapikiwi mkwe aliyeacha nusu. Upande wa pili umeezekwa na wengine, mara nne, mara tano. Unavuja mpaka leo.

Kwa hiyo si malaria.

Sasa naandika jambo ambalo sikutaka kuliandika. Nkambo Chanda haoni. Jicho la kulia tangu mwaka jana, la kushoto tangu Pasaka, utando mweupe umelifunika. Samaki anawajua kwa vidole. Amekataza nisiwaambie ninyi. Lakini Sista Constance amesikia kwamba huko kwenu hospitalini yuko daktari wa macho, amekuja kwa miezi michache, anaondoa utando huo kwa kisu. Anakaa mpaka mwisho wa Agosti. Akiondoka, hakuna anayejua mwingine atakuja lini. Gari la posta halichukui kipofu.

Wewe una kamyo.

Msomee Nkambo Ngosa barua hii.

Julienne


Élisabethville, 2 juillet 1955

Ku Julienne,

Jambo, jambo. Baridi huku iko nguvu, asubui majani iko na barafu sawa ngozi ya samaki. Rigobert alijenga kibambazi mupya, anaweka mawe mbele, asema ni juu yangu. Kuku moja ya Ngosa ilikufa. Anaclet anakohoa. Bei ya chumvi ilipanda. Antoine alipata mutoto mwanaume, balimubatiza. Mupe alihubiri mingi sana juu ya benye kukawia kuungama, anaangalia upande wangu, sijue juu ya nini.

Juu ya mambo ya paa: siku ile kulikuwa na upepo.

Na mi nilikuwa kijana. Ku tarafu ya kwanza ya paa, upande ya ziwa, bantu bote banakuangalia, banasema huyu mukwe iko na nguvu. Ku tarafu ya pili hakuna anaangalia, banajua utamaliza. Ule recruteur, mwenye kuandika vijana, njo muntu moja tu aliniangalia.

Juu ya ile mambo ingine. Kamyo yangu mbele iko na viti mbili. Moja ya shofele. Na ile ingine utamukalisha nani? Unaweza kuvuka njia kumukwepa mama-mukwe, lakini mu kamyo utavuka uende wapi? Utasema haoni. Ndiyo, yeye haoni. Lakini mi ninaona. Utafute kamyo ingine, kuko bantu bengi na kamyo, benye kujua kazi. Mi breki yangu haiko muzuri.

Ninatuma lineti ya macho ku mukono ya muntu ya posta. Niliinunua ku soko. Nilijaribu mi mwenyewe, ninaona vizuri sana.

Ngosa anakusalimia. Barua yako sikumusomea, ilikuwa murefu.

Mwape


Pweto, 20 Julai 1955

Nkambo,

Sote wazima.

Miwani inarudi pamoja na barua hii. Nkambo Chanda aliivaa, akasema sasa analiona giza vizuri zaidi, akaivua.

Nilimwuliza kama atapanda kamyo ya mkwe wake. Haya ndiyo tuliyosema, nayaandika yote.

“Nitapanda. Mimi sioni.”

“Lakini yeye anaona, Nkambo.”

“Hiyo ni shida yake. Nitakaa nyuma na samaki. Samaki hawajanikimbia.”

Hakuna kamyo nyingine. Niliomba kwa wachuuzi wanne, wakakataa; ya mission inaishia Kilwa hii ya ziwani. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Agosti, tutakuwa pale darajani, upande wako, mahali unaposimama. Mimi karatasi ya njia sikupewa, siwezi kusafiri naye. Lazima Nkambo Ngosa aje. Kwa kuwa barua zangu ni ndefu kwako, nimemwandikia yeye nyingine, nimeituma kwa Anaclet, atamsomea yeye.

Usijibu. Ama utakuja, ama hutakuja.

Julienne


Élisabethville, 5 septembre 1955

Ku Julienne, bibi yangu mukali,

Jambo sana. Tuko bazima bote watatu. Ngoja, nitafuata njia vizuri.

Anaclet hajue kusoma polepole. Alisomea Ngosa barua yako mu lupango, inje ya nyumba, na sauti ya misa, jirani bote balisikia mambo ya paa. Ngosa hakugombana. Julienne, myaka hii yote sijaona Ngosa hagombane. Alifunga mulango, akalala. Asubui nilimukuta iko anakaa mu kamyo, na chungu yake mu magoti. Nikawasha. Kitu gani ingine ningefanya?

Ku daraja uliona mugongo yangu. Mulimupandisha nyuma, we na Ngosa, mi naangalia mutoni, nahesabia mawe. Makumi tatu na moja. Ulisema “Nkambo, aksanti,” sikugeuka. Usifikiri sikusikia.

Njia yote alikuwa nyuma na Ngosa, chini ya bâche, mi peke yangu mbele. Lakini kamyo haina dirisha ya kufunga nyuma. “Ngosa,” ule muntu anasema, “huyu shofele anatafuta mashimo ao mashimo inamutafuta?” Anasema na Ngosa, kumbe anasema na mi. “Ngosa, uulize kama kuko mulima huku, juu nasikia kamyo inaomba musaada.” Mi naendesha.

Siku ya pili, twalipita Kilwa, Kasomeno ingali mbali, nilisikia kitu imekatika paaa! Kisha moshi nyeupe sawa ya masini ya reli. Nilifungua kichwa ya kamyo. Ule mukanda yenye kuzunguka pale mbele ulikatika vipande mbili. Njo nilikumbuka muzungu ya Bel-Air. Anagusa mukanda, ananyanyua vidole mbili. Hakuwa ananisalimia. Alikuwa anasema: beba mbili.

Nilifunga kitambaa ya kichwa ya Ngosa pa fasi ya mukanda. Tulienda sawa kutoka hapa mupaka kwa Rigobert. Iliungua. Nilifunga ingine. Iliungua. Ngosa alibaki kichwa wazi, asema kama nataka niungurishe na robe yenye anavaa vilevile nimuambie, ajifiche.

Shofele moja alipita anaenda Élisabethville. Asema atatuma mukanda na mwenzake, siku tatu. Mupaka mwisho ya mwezi, vile munganga ya macho anaenda, kulibaki siku makumi mbili kasoro. Nilihesabu, nikaona tutafika. Lakini ule muntu wa nyuma, muzee vile, alikuwa amelala ku chuma ya kamyo, mchana jua inachoma ile chuma, asubui baridi inaifanya sawa barafu, na upepo ya août haina huruma. Alianza kukohoa. Hakulalamika. Mi ningependa alalamike.

Kuko majani mingi pale, marefu, imekauka. Nilikamata mupanga.

Ngosa: “Unafanya nini?”

Mi: “Kibanda.”

Nilikata miti ine, nilisimamisha, nilikata majani mupaka magoti ilinipigia kelele. Nilifunga tarafu moja ya paa, ile ya upande wa upepo. Jua ilikuwa inashuka, mukono inatoka damu. Nilikaa chini kunywa mayi. Ngosa naye alikaa, anaangalia njia, huku na huku, sawa vile muntu anangoja recruteur apite.

Kesho yake nilifunga tarafu ya pili. Nilirudilia mara mbili fasi ya kuunganisha, juu njo fasi maji inapitaka. Mvua haiko mu août, najua. Nilirudilia.

Kisha nilienda nyuma ya kamyo, nikageuka. Ngosa alimushusha, akamuingiza. Sikuona, nilisikia tu. Ule muntu alianza kugusa majani na mukono, polepole, sawa vile anajua samaki. Tarafu ya kwanza, toka chini mupaka juu kwenye mukono yake inafika. Akapita, akagusa tarafu ya pili.

“Pande mbili?”

“Pande mbili, mama.”

“Nani alifunika?”

Ngosa aliniachia mi kujibu. Buko haikuwa yake, ilikuwa ya mi na mama yake.

Nilisikia majani inaguswa tena. Kisha: “Lete chungu.”

Alipika yeye mwenyewe, na vidole. Alikamata samaki mu mizigo yangu, alichagua, ile ya kwanza aliitupa, asema ilifungwa na muntu hajue kufunga. Bukari, ugali yetu, Ngosa alikoroga. Sahani ilikuya nyuma ya kamyo, imefunikwa, na mayi ya kunawa. Ngosa aliweka chini mbele yangu, akapiga magoti, sawa ginsi inafanyikaka ku mugini siku ya kuingiza mukwe. Nilikula yote. Nililamba. Ngosa atakuandikia ku mukono ya Anaclet asema nililia. Ilikuwa moshi.

“Mwape.”

Sauti ilitoka mu kibanda. Mi nilifikiri nimesikia vibaya. Myaka makumi tatu na sita haijaniita.

“Mwape, kuya hapa. Sitakufuata mu pori.”

Nilienda. Alinishika uso, macho, pua, masikio. Alikawia ku masikio.

“Umezeeka.”

“Ndiyo, mama.”

“Julienne hakusema uongo. Na hii kamyo, nani alikuuzia?”

“Muzungu ya Bel-Air.”

“Ule iko na akili.”

Mukanda ilifika siku ya tatu. Ku hospitali tulifika tarehe 18. Munganga alimupasua jicho ya kushoto tarehe 23, ile ya kulia asema ilisha kukawia, hawezi. Tarehe 30 alifungua kitambaa. Sisi twalikuwa pale, mi na Ngosa na Anaclet mwenye kukohoa. Aliangalia dirisha. Aliangalia Ngosa, akamuambia apunguze kula. Kisha aliniangalia mi, murefu sana, toka viatu mupaka kichwa.

“Nilifikiri uko mukubwa,” asema.

Basi, vile.

Sasa anakaa kwetu mupaka munganga mwenye kubaki aseme aende. Mama Chanda. Umeona? Nimeandika jina yake, na mukono haikukauka. Mama Chanda anatembea mu kamyo yangu kila siku. Hakubali kukaa nyuma tena, anakaa mbele, kiti ya pili, na ile jicho moja. Ngosa njo anakaa nyuma na chumvi. “Punguza, kuko kuku.” “Ule muntu ya kinga alikusalimia, hukuona?” “Mayi umetia?” Asubui yote ananiuliza mikanda ngapi. Niko na mikanda ine, Julienne. Hakuna kamyo Katanga yote iko na mikanda ine. Na kutoka hapa mupaka Pweto ni siku tatu, kama hewa iko muzuri. Siku tatu, anasema, mi naendesha. Myaka makumi tatu na sita nilifikiri buko ni kifungo. Sasa naona bankambo balikuwa bantu ya akili mingi.

Tutafika mwisho ya mwezi hii, mbele ya mvua. Ku daraja sitasimama, umuambie Lucien atafute kazi ingine. Nitasimama pa mulango yake. Utukatie majani, mafungu mia moja, uweke ku ule upande ya pili, hauko wa ziwa.

Ngazi usitafute. Mama Chanda asema ile ambayo anakaushia samaki njo yangu, ile ya paa. Toa samaki.

Mi, Mwape